Dola za Jumatano

Kufikia Alhamisi asubuhi kesi ya Teresia ilikuwa imepikwa na kupakuliwa, kilichobaki ni hakimu kuila. Mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake kabla ya Ijumaa jioni. Jumatatu saa tatu binti huyo alikuwa asimame kizimbani mjini Meru, ashtakiwe kwa kuiibia serikali shilingi milioni nne na laki nane na ushei. Inspekta Njiru alilisoma jalada mara mbili akiwa amesimama. Halikumkera kwa ubaya wake, lilimkera kwa uzuri wake. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi hakuwa amekutana na mwizi anayeweka sahihi yake kila mahali panapotakiwa, tena kwa mwandiko wa kusomeka.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ushirika wa Kiathanka huuza avokado ng'ambo na kulipwa kwa dola. Januari, mzigo ulipoondoka, dola moja ilikuwa shilingi mia moja sitini, na wakulima wakaahidiwa malipo kwa hesabu hiyo. Kisha shilingi ikaamka usingizini, na kufikia katikati ya Machi dola hiyo hiyo ilikuwa imeanguka hadi mia moja thelathini na tatu. Serikali ilikuwa na mfuko wa kuwashika mkono wauzaji wa namna hii: ukionyesha kwamba uligeuza dola zako baada ya bei kuanguka, mfuko unakuzibia pengo. Ushirika ukajaza fomu kwamba dola laki moja na elfu themanini ziligeuzwa Jumatano, tarehe ishirini Machi. Mfuko ukaziba pengo, wakulima wakalipwa kama walivyoahidiwa, na kila mtu akarudi shambani kwake.

Halafu Julai ikaja barua isiyo na jina. Ilisema dola zile ziligeuzwa Januari, bei ikiwa bado mia moja sitini. Kama ni kweli, hapakuwa na pengo lolote, na zile pesa za kuliziba zilikuwa zimeingia mfukoni mwa mtu. Wakulima hawakupungukiwa na senti, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Aliyeibiwa ni serikali, na serikali hailii.

Fomu ilikuwa na sahihi mbili na muhuri. Sahihi ya kwanza ni ya Teresia, karani wa ushirika. Ya pili ni ya Mzee Ishmael, mkulima, kwa maana Kiathanka walikuwa na desturi yao: dola haziguswi benki bila mkulima mmoja kwenda na karani kushuhudia, na mkulima huyo huitwa shahidi wa dola. Walianza hivyo baada ya dalali mmoja kuwalia pesa miaka ya nyuma. Katika maelezo yake kwa polisi, mwenyekiti wa ushirika, Bwana Mbaabu, alisema mambo ya dola alimwachia Teresia yote. Siku na saa alipanga Teresia mwenyewe, yeye mwenyekiti aliambiwa baadaye. Benki nayo ilikataa kufungua mdomo bila amri ya mahakama, na amri ingechukua wiki mbili. Wiki mbili kwa binti aliyeitwa mwizi mbele ya kijiji kizima ni nyingi mno.

Teresia alifika kituoni saa nne, nywele amezifunga kwa kitambaa, kitambulisho mkononi kana kwamba ataombwa akionyeshe mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alisomea biashara chuoni Nchiru, na mama yake aliuza ng'ombe wawili ili amalize. Konstebo Makandi alimpa kiti akaketi ukingoni.

"Sahihi ni yangu, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini hiyo fomu sikuijaza."

"Mtu anatiaje sahihi fomu ambayo hakuijaza?"

"Nilitia sahihi fomu tupu. Tano. Februari nilikuwa naenda Nairobi wiki moja kufanya mtihani wa uhasibu. Mwenyekiti akasema wakulima wasikwame juu yangu."

"Ziko wapi?"

"Nilimwachia yeye. Niliporudi nikamwuliza, akasema alizichoma."

Mbaabu, kwenye maelezo yake, alikuwa amesema hajawahi kuona fomu tupu yenye sahihi. Njiru alimwuliza Teresia alikuwa wapi tarehe ishirini Machi. Akajibu bila kupepesa kwamba alikuwa mjini Meru, amekwenda kununua karatasi na wino, peke yake. Makandi aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. Jibu kama hilo linamwangamiza aliyelitoa, na mwongo mwenye akili angetafuta lingine. Na nani alipeleka fomu kwa ofisi ya mfuko? Yeye pia, ndani ya bahasha iliyofungwa aliyopewa na mwenyekiti. Njiru alimwambia aende nyumbani, asizungumze na mtu wa ushirika.

"Hawaongei na mimi hata nikitaka," Teresia alisema. "Hata kanisani wameacha kunisalimia."

Saa nane walikuwa mtaa wa Kaaga, kwa Nyamu, ofisa wa mfuko aliyepitisha fomu ile. Makandi hakuacha kumchokoza mkubwa wake njia nzima, kwamba leo Muembu anaenda kumhoji Muembu mwenzake, labda wataongea kwa lugha yao waelewane. Njiru alikuwa na sababu zake za kumwendea Nyamu. Fomu nyingine zilikaa kwake mwezi mzima, hii ilipita kwa siku moja. Pale pa kuambatanisha risiti ya benki palikuwa pameandikwa "itafuata", na haikuwahi kufuata. Tena walipofika, gari lililokuwa uani halikufanana na mshahara wa ofisa wa wilayani.

Nyamu alieleza gari kwanza, bila kuulizwa: mkewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini, na mkopo wa gari ulikuwa kwa jina lake mkewe. Akatoa karatasi. Kuhusu haraka, alisema robo ya mwaka ilikuwa inaisha, na pesa ambazo hazijatolewa zingerudi Nairobi. Siku hiyo alipitisha fomu sabini na moja. Risiti zilizokosekana zilikuwa kwenye fomu kumi na tisa, siyo hii peke yake, na orodha akaitoa pia.

Njiru akaiweka fomu mezani, akagusa mahali palipoandikwa bei ya dola. Ilikuwa mia moja thelathini na tatu, kisha nukta, kisha tarakimu nne.

"Hizi tarakimu nne zinatoka wapi?"

Nyamu aliinama, akavaa miwani. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Hiyo ni bei ya Benki Kuu," alisema. "Ya katikati. Ile inasomwa kwa redio na kuandikwa gazetini."

"Na ukienda na dola zako kwa kaunta?"

"Kwa kaunta hupati hiyo. Benki inanunua chini yake na kuuza juu yake, ndio nayo ipate chake. Hakuna mtu duniani anauza dola kwa bei ya katikati, afande."

"Na wewe uliipitisha."

"Niliipitisha. Nitaandikiwa barua ya onyo na nitanyamaza nayo. Lakini kama ningetaka kuiba, ningeandika bei ambayo benki inanunulia. Hiyo ndiyo nafundisha kila mwezi, mpaka sauti inanikauka."

Njiru akauliza kama Teresia alihudhuria mafunzo hayo. Nyamu alisema alihudhuria yote, kiti cha mbele, na maswali yake yalimchelewesha chakula cha mchana. Akaongeza kwamba akipita Kiathanka siku ya kupima mzigo, huona ubaoni bei mbili kwa mwandiko wa binti huyo: benki inanunua hivi, benki inauza vile.

Garini Makandi hakuchokoza tena. Aliyejaza fomu ile hakuwa amesimama kwa kaunta ya benki siku hiyo, hilo lilikuwa wazi. Alichukua gazeti au simu, akanakili. Na mtu wa mwisho kufanya kosa hilo angekuwa Teresia, au Nyamu mwenyewe. Lakini wakili wa serikali angesema karani alijifanya mjinga kwa makusudi, na hakimu angeweza kukubali. Njiru alitaka kitu kisichobishaniwa.

Ijumaa asubuhi walipanda mpaka Kiathanka kumwona Mzee Ishmael. Walimkuta akikata nyasi za ng'ombe, mzee mrefu mwenye koti la suti juu ya gambuti. Makandi alimsalimia kwa Kimeru, wakaulizana koo na wazazi, na Njiru akasubiri kama inavyopasa. Kisha mzee akawaletea viti na kuanza kwa kumwangamiza Teresia.

Alikwenda benki na Teresia? Ndiyo, alikwenda. Mara ngapi msimu ule? Mara tatu. Siku gani? Tarehe yeye hazishiki, hizo ni za vijana. Hii sahihi ni yake? Aliishika fomu mbali na uso, kisha karibu, akasema ni yake kabisa. Huwa anatia sahihi karatasi tatu au nne kwa mara moja, akiambiwa tia hapa anatia, kwa sababu miwani yake ilikanyagwa na ndama. Makandi aliandika polepole, kalamu ikiwa nzito. Shahidi wa utetezi alikuwa amegeuka shahidi wa mashtaka bila hata kujua.

Njiru alikuwa karibu kufunga jalada. Akasoma kwa sauti, kwa ukamilifu tu, kama sheria inavyotaka shahidi asomewe: kwamba yeye Ishmael alishuhudia dola zikigeuzwa mjini Meru, saa nne na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano.

"Siku ya nini?"

"Jumatano, mzee. Tarehe ishirini Machi."

"Hiyo si mimi."

"Umesema sahihi ni yako."

"Sahihi ni yangu. Jumatano si yangu. Afande, Jumatano ni maji. Jumatano mimi siendi hata mazishi. Ndugu yangu alizikwa Jumatano na nilifika wakati wanafunika."

Njiru alizaliwa Mbeere, kule Embu ya chini, ambako mtu huuliza maji kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mradi wa maji wa kijiji ulikuwa na bomba moja kubwa kutoka mtoni, likigawanywa kwa laini, na kila laini ilikuwa na siku yake moja kwa wiki. Siku yako ikikupita, miche yako inangoja wiki nyingine, na Machi ile mvua ilikuwa bado haijashika. Aliuliza kama kuna mahali pameandikwa.

Palikuwepo. Njura, mwanamke aliyeshika daftari la laini ya tatu, aliishi nyumba ya nne kutoka hapo. Alitoa daftari la shule lenye jalada la plastiki, akafungua Machi. Kila mtu aliandikwa saa aliyofungua koki na saa aliyofunga, na kutia sahihi, kwa sababu watu wa laini moja hugombana juu ya dakika. Tarehe ishirini: Ishmael alifungua saa tatu, akafunga saa saba kasorobo. Sahihi yake ilikuwa pale, yenye mkia ule ule mrefu, na kando yake alama ya tope la kidole gumba.

"Laini hii imekuwa ya Jumatano siku zote?" Njiru aliuliza.

"Hapana. Zamani ilikuwa Alhamisi. Januari mwaka jana wakaongeza laini ya nne, wakatusukuma Jumatano. Tulipiga kelele, tukazoea."

"Na wote wa ushirika ni watu wa maji?"

Njura alisema karibu wote. Mwenyekiti ndiye alitoka mwaka juzi, alipochimba kisima chake cha pampu. Siku hizi hata mkutano wa maji haji, na nani angemlaumu, mtu mwenye maji yake hana haja ya kukaa kwa jua akibishana. Njiru alimwomba daftari, akaandika stakabadhi, akatia sahihi mwenyewe. Njura aliisoma mpaka mwisho kabla ya kuachia.

Ilikuwa saa saba na nusu. Makandi alitaka warudi mjini mara moja wampelekee mwendesha mashtaka daftari. Njiru alisema daftari litamwokoa Teresia kwa nusu tu. Litaonyesha Ishmael hakwenda, halitaonyesha nani aliandika kwamba alikwenda. Kati ya Teresia, aliyekulia laini hii hii na mama yake, na Nyamu, asiyejua hata kama kuna laini, alibaki mtu mmoja, na huyo alipaswa kusema mwenyewe.

Mbaabu aliwapokea kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa ya mawe, mtambo wa pampu ukinguruma nyuma yake, na maji yalimwagika kwenye nyasi bila mtu kuyajali. Aliwaambia wakae, akaagiza chai na viazi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia, na alimsikitikia sana Teresia, binti wa watu, shetani alimwingia. Njiru alikunywa chai yake yote kabla ya kuanza.

Akasema wamepata tatizo dogo. Mzee Ishmael amechanganyikiwa siku, na mwendesha mashtaka hapendi tarehe zinazoyumba. Huenda Teresia alikosea kuandika. Huenda walikwenda kesho yake, tarehe ishirini na moja. Wakirekebisha iwe Alhamisi, kesi itasimama wima.

Mbaabu alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Alhamisi hapana, afande. Nyinyi si watu wa hapa, hamwezi kujua. Laini ya tatu Alhamisi ni siku yao ya maji. Huyo mzee hawezi toka kwake Alhamisi hata umlipe. Ndio maana ikawekwa Jumatano."

"Iliwekwa na nani?"

"Na... na huyo msichana."

"Teresia ni wa laini ya tatu. Mama yake hufungua koki saa nane, Ishmael akishafunga. Anajua maji yao ni ya siku gani." Njiru alitoa daftari la Njura kwenye mkoba, akaliweka karibu na sahani ya viazi, limefunguliwa. "Ni Jumatano, Bwana Mwenyekiti. Tangu Januari mwaka jana. Alhamisi ilikuwa wakati ule wewe bado uko kwa mradi."

Mbaabu alilitazama daftari bila kuligusa. Makandi alikuwa akiandika kila neno.

"Mgeni angeweka siku yoyote," Njiru aliendelea kwa sauti ile ile. "Mwenyeji angekwepa Jumatano. Aliyejaza fomu alikuwa mwangalifu, alikwepa Alhamisi. Mtu wa namna hiyo hapa Kiathanka namjua mmoja. Teresia alitia sahihi fomu tano. Moja ninayo. Naomba ufunguo wa kabati lako, au tukae hapa na Makandi mpaka hati ya upekuzi ifike kutoka mjini. Chai ipo."

Nyuma ya nyumba mtambo uliendelea kunguruma. Mke wa Mbaabu alichungulia mlangoni, akaona nyuso, akarudi jikoni. Mwenyekiti akauchomoa ufunguo kwenye mshipi wake na kuuweka juu ya daftari. Alisema tu kwamba wakulima walilipwa kila shilingi yao, na waulizwe kama kuna mmoja aliyelia.

Kabati lilikuwa chumba cha pili. Chini ya vitabu vya risiti za zamani walikuta muhuri wa ushirika, ambao mwenyekiti katika maelezo yake alisema hukaa ofisini kwa Teresia, na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na fomu tatu tupu, sahihi ya Teresia chini ya kila moja. Mbili kati yake zilikuwa tayari na ya Ishmael. Ya tano haikuonekana, na Njiru hakuitafuta siku hiyo. Makandi alimsomea Mbaabu haki zake, akazisoma kwa Kiswahili kisha kwa Kimeru, ili kesho asije akasema hakuelewa.

Saa kumi na robo, wakiwa bado wanamsubiri dereva ageuze gari, Njiru alimpigia mwendesha mashtaka, wakaongea dakika sita. Kisha akampigia Teresia.

"Jumatatu huji kushtakiwa," alimwambia. "Utakuja kuandikisha maelezo, kama shahidi."

Kwa mbali, simuni, alisikia kuku, na mtu mzima akiuliza kwa Kimeru ni nani, wamesema nini.

"Na zile fomu tupu, afande? Nilitia sahihi mimi. Hiyo si kosa?"

"Ni kosa. Utalieleza mbele ya wakulima mwenyewe, hakuna atakayekuelezea."

"Nitaeleza," alisema Teresia, na hapo ndipo alipolia. Njiru hakukata simu. Alisimama kando ya gari akiishikilia sikioni mpaka binti alipomaliza, kisha akamwuliza kama watu wa laini ya tatu Jumatano ijayo watakuwa nyumbani, maana alikuwa na daftari lao na angependa kulirudisha.

"Watakuwepo wote," Teresia alisema.